Mto Upitao Mlangoni Petu Usomwe na Watoto Wetu

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe katika shule zetu za sekondari za Kisangani hunakili ubaoni picha ya samaki, akaandika kandokando yake majina ya mapezi, matamvua na kibofu cha hewa, akayahifadhi kwa moyo muda wa miezi, akayatoa yote bila kasoro siku ya Mtihani wa Dola, na baada ya siku ile akayaacha yatoweke; ilhali mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka dawati lake, na kwa walio wengi ni pungufu ya hapo, unapita mto ambao ndani yake samaki yule yule ni hai, anapumua, anakula na kuliwa, anapanda na kushuka kwa majira yake, wala hakuna katika ratiba ya mwaka mzima hata asubuhi moja iliyotengwa ili mwanafunzi huyo akamtazame. Jambo hili limezoeleka kwetu hata likadhaniwa kuwa ndiyo kanuni ya elimu, na mimi nasema si kanuni bali ni upungufu, tena upungufu uwezao kuondolewa kwa gharama isiyoushinda mji wetu: kila shule ya sekondari ya Kisangani yenye wanafunzi wa sayansi iwe na safari za mashua mtoni, kila muhula, mahali pale pale, mwanafunzi akishika kipimo kwa mkono wake mwenyewe, na kila alichokipima kiandikwe katika daftari ambalo darasa lijalo litalipokea na kuliendeleza.

Naanza na mto wenyewe, kwa sababu mji huu haukukaa hapa kwa sadfa. Lualaba, baada ya safari yake ndefu kutoka Katanga, hufika Ubundu, kisha katika masafa ya kilomita 100 hivi huanguka mara saba, ukishuka jumla ya mita 60 au karibu yake na kuvuka mstari wa Ikweta njiani, na anguko la saba, lile la Wagenia, ndilo likomalo mlangoni mwa mji. Hapo mto huacha jina la Lualaba ukaitwa Kongo, na kutoka gati zetu hadi Kinshasa kuna kilomita zipatazo 1,700 za maji yapitikayo kwa meli. Chini kidogo ya mji, Mto Tshopo huingia katika Mto Lindi, na Lindi ukaingia katika Kongo, ikileta maji yaliyotembea siku nyingi chini ya kivuli cha msitu. Msomi wa mito aliye London au Brussels, akitaka kuona katika siku moja maporomoko, mto mpana uliotulia, vijito vya msituni, visiwa na soko la samaki wabichi, itampasa aombe fedha, viza na vibali vingi. Mwanafunzi wa Makiso au wa Mangobo anahitaji mtumbwi na mwalimu.

Na utajiri uliomo ndani ya maji hayo si jambo la kupita juu kwa juu. Bonde la Kongo lina aina za samaki zaidi ya 700 zilizokwisha kupewa majina ya kitaalamu, nyingi katika hizo hazipatikani kokote kwingine ulimwenguni, na yale maporomoko saba, yaitwayo Boyoma, wataalamu huyahesabu kuwa ni mpaka kati ya himaya moja ya samaki na nyingine. Yumo mbenga mwenye meno yanayowatisha hata wavuvi wazoefu. Yumo kamongo, apumuaye hewa kama sisi na kuweza kuishi katika tope maji yanapokauka. Na wamo samaki wadogo wenye mdomo mrefu mfano wa mkonga, ambao katika maji ya tope yasiyoonekana kitu hutoa umeme dhaifu mwilini mwao na kwa umeme huo wakajua lililo mbele yao na aliye karibu yao. Mwalimu wa fizikia anayefundisha umeme kwa kuchora betri ubaoni anaweza, kwa nyaya mbili na kikuza sauti kidogo cha redio, kumweka samaki wa namna hiyo ndani ya beseni na kuwasikizisha wanafunzi mlio wa umeme wake. Sijui darasa gani la mjini petu lingesahau somo la umeme baada ya kusikia mlio huo.

Atanijibu mtu kwamba elimu ya bahari na vyombo vya utafiti ni mambo ya Mombasa na Unguja, na kwamba sisi ambao, kwa kufuata mto, tu zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwenye maji ya chumvi hatuna haja nayo. Jibu lake limo baharini kwenyewe. Mto Kongo humimina katika Atlantiki wastani wa mita za ujazo zipatazo 41,000 kila sekunde, wala hakuna mto duniani uushindao kwa wingi wa maji isipokuwa Amazon, na mbele ya mdomo wake, chini ya bahari, lipo korongo refu ambamo mchanga na tope la bara hushukia vilindini. Mwishoni mwa mwaka 2019 mito ya bonde hili ilifurika furiko kubwa lisilotokea ila kwa miongo, na katikati ya Januari 2020 tope lililorundikana mdomoni mwa mto liliporomoka ndani ya korongo hilo, likakimbia juu ya sakafu ya bahari masafa ya zaidi ya kilomita 1,100, likakata nyaya za mawasiliano zilizolazwa huko, hata intaneti ikapungua kasi katika nchi kadhaa za Afrika kutoka Nigeria hadi Afrika Kusini. Wataalamu walioufuatilia mkasa huo walilihusisha poromoko lile na furiko la mto. Sehemu ya maji yaliyofanya kazi hiyo ilipita mbele ya nyumba zetu, na laiti shule mbili au tatu za Kisangani zingekuwa na madaftari ya kimo cha mto na kiasi cha tope katika majuma yale, kazi ya watoto wetu ingesomwa na watu walio mbali sana na hapa.

Wala si kwamba mto huu haukusomwa. Umesomwa sana, na wengine. Huko Yakusu, chini ya mji, Clement Chesterman, tabibu wa misheni ya Wabaptisti aliyefika mwaka 1920, alitambua kwamba kichocho cha tumbo kilichowapata watu wa sehemu hizi hakikufanana sawasawa na kile kilichojulikana na matabibu wa nchi nyingine, na mwaka 1934 mtafiti Fisher, baada ya kukichunguza katika wilaya ya Stanleyville, kama mji huu ulivyoitwa zama zile, alikitangaza kuwa ni aina mbali kwa jina la Schistosoma intercalatum. Jina hilo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, na chimbuko lake ni maji wanayooga watoto wetu. Huko Yangambi, kilomita 100 hivi kwa kufuata mto, taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933 ilikusanya mimea, udongo na takwimu za hali ya hewa kwa bidii kubwa mno, na mwaka 1963 mtafiti Gosse alitoa kitabu kizima juu ya maji ya Yangambi na samaki wake. Na mwaka 2010, nchi yetu ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, msafara ulioitwa Boyekoli Ebale Congo uliwapakia ndani ya vyombo wataalamu zaidi ya 60, Wakongo na Wabelgiji na wengineo, wakausoma mto na vijito vyake kuanzia Kisangani muda wa mwezi mmoja na nusu, na matunda ya juhudi ile yalitupatia, katika Chuo Kikuu cha Kisangani, Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai.

Siwataji watu hawa ili niwalaumu. Nawashukuru, na zaidi nawashukuru wasomi wa chuo kikuu chetu ambao wameendelea na kazi hiyo katika miaka ya vita na ya ukata, bila ya ala za kutosha na mara nyingi bila ya mshahara wa kutosha. Ninachokitaja ni kwamba katika karne nzima ya utafiti wa mto wetu mtoto wa shule wa Kisangani amekuwa mtazamaji wa ukingoni, akiona vyombo vikienda na kurudi na masanduku yaliyofungwa, na hata leo aghalabu hana habari kwamba ndani ya mji wake mwenyewe kipo kituo chenye vielelezo vya samaki, panya na mimea ya msitu wake. Elimu iliyo jirani na mtu namna hii na isimfikie haikuzuiliwa na umbali. Imezuiliwa na sisi watu wazima kwa kutofungua mlango.

Sasa niieleze safari yenyewe ninavyotaka iwe, kwa kuwa safari ya wanafunzi kwetu hufahamika kuwa ni nguo nzuri, nyimbo na soda, na mimi sisemi juu ya matembezi. Darasa la wanafunzi 40 halitoki lote kwa mara moja; hutoka kundi la watu 10 au 12, na waliobaki hungoja zamu yao. Chombo ni mtumbwi mkubwa wa mota, wenye mbao za kukalia, na nahodha anayeujua mkondo kwa miaka yake mingi. Huondoka asubuhi, kabla jua halijakaza, huvuka kuelekea upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, hupanda hadi mahali pa salama chini ya maporomoko, kisha huteremka mpaka mdomo wa Lindi. Na katika kila kituo kati ya vitatu hivi mtumbwi hutiwa nanga na kazi ile ile hufanywa kwa utaratibu ule ule, bila kuruka hata moja kwa sababu ya haraka au ya njaa.

Mwanafunzi wa kwanza hutupa bildi, yaani risasi iliyofungwa katika kamba yenye mafundo, akasoma kina. Wa pili huteremsha sahani nyeupe ya bati ndani ya maji, akaangalia ni katika fundo gani inapotea machoni, akaipandisha na kuangalia ni katika fundo gani inarudi kuonekana, na wastani wa mawili hayo ndio kipimo cha uangavu wa maji. Kipimo hiki padri na mnajimu wa Roma, Angelo Secchi, alikitumia mwaka 1865 ndani ya chombo cha Papa, na hadi leo wataalamu wa bahari zote wanakitumia, nacho fundi bati yeyote wa soko kuu anaweza kukitengeneza kabla ya adhuhuri. Wa tatu hupima joto la maji, juu na chini. Wa nne hutumbukiza karatasi za kupimia uchachu na kulinganisha rangi. Wa tano hukokota wavu mwembamba wenye chupa mwishoni, na yale maji ya chupa hurudishwa shuleni, au kwenye kituo cha chuo kikuu ikiwa shule haina hadubini, ili vile vidudu vielea ambavyo macho hayavioni, na ambavyo samaki wengi wa mto huu hatimaye huvitegemea, vipate kuonekana. Wa sita haandiki chochote ila anaangalia: gugu maji linaelea kwa wingi gani, ndege gani wapo, moshi unatoka kisiwa kipi, maji yana harufu gani.

Katika mdomo wa Lindi wataona maji mawili ya rangi mbili yakienda bega kwa bega kabla ya kuchanganyika, na swali litawatoka wenyewe. Jibu ni kwamba majani yaliyooza msituni huyatia maji rangi kama majani ya chai yatiavyo birika, na rangi ile ni kaboni iliyotoka katika miti na udongo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba Mto Ruki, unaoingia katika Kongo huko Mbandaka, ni katika mito mikubwa iliyo myeusi kupita yote duniani, mweusi kuliko hata Rio Negro ya Amerika ya Kusini. Mwanafunzi aliyeyatia maji ya Lindi katika bilauri na ya Kongo katika bilauri nyingine, akayashika mbele ya jua, hatahitaji kukaririshwa maana ya kaboni iliyoyeyuka.

Kisha watateremka penye mawe, wakiwa na viatu miguuni, na huko somo hugusa afya zao wenyewe. Chini ya mawe yapigwayo na maji ya kasi wamenasa viluwiluwi vya usubi, yule mdudu mdogo ambaye akikua huwauma watu na kuwapitishia upofu wa mtoni. Yeye hutaka maji yaendayo mbio yenye hewa nyingi, kwa hiyo maporomoko yaliyoupa mji wetu sifa ndiyo yanayomlea. Katika maji yaliyotulia ya pembeni, juu ya majani, wapo konokono, na miongoni mwa konokono zimo aina zichukuazo kichocho. Watu wetu humeza dawa zigawiwazo na waganga wa serikali na wengi hawajui zinapigana na nini. Mtoto aliyekiona kiluwiluwi cha usubi kwa macho yake kwenye jiwe ataeleza nyumbani kwa nini bibi yake ameze dawa ile mwaka huu na mwaka ujao.

Matokeo hayatalingana. Kundi la Jumanne litapata kina tofauti na kundi la Alhamisi, na wawili walioteremsha sahani moja watabishana juu ya fundo ilipopotelea. Mwalimu asiukate ubishi huo kwa kutaja jawabu lililomo kitabuni, kwa kuwa hakuna kitabu chenye jawabu hilo: mto wa leo haujawahi kupimwa na mtu isipokuwa wao. Awaulize mkono wa nani ulitetemeka, jua lilikuwa upande gani, mvua ilinyesha wapi jana. Ubishi wa namna hiyo, ukiongozwa kwa adabu, ndio mwanzo wa sayansi, na katika darasa la chaki haupatikani.

Mwalimu wa pili wa safari hii, na kwa mambo mengi ndiye wa kwanza, ni mvuvi. Wageni wanaofika Kisangani hupelekwa kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, ili wakapige picha madema yale makubwa ya umbo la pia, yaliyotegwa katika mkondo kwa nguzo zilizosimikwa ndani ya mianya ya mawe na kufungwa kwa kamba za mwituni, na baada ya picha huondoka. Lakini kusimika nguzo mahali ambapo maji yangeweza kumchukua ng'ombe ni elimu ya nguvu za maji. Kujua dema lipi litegwe maji yakipanda na lipi yakishuka ni elimu ya majira. Na kujua samaki yupi hupita katika uchochoro upi, kwa mwezi upi, ni maarifa ambayo msomi angeyapata kwa miaka mingi ya kupima. Nimesikia watoto wa wavuvi wakiona haya kuitaja kazi ya baba zao mbele ya wenzao darasani, na haya hiyo shule ndiyo iliyowafundisha, kwa kutowahi hata mara moja kumwita mzee wa Wagenia kuwa ni mwenye elimu. Basi mzee huyo apande mtumbwini, akae karibu na nahodha, aulizwe, asikilizwe, alipwe ujira wake kama anavyolipwa mhadhiri, na jina lake liandikwe katika daftari pamoja na la mtaalamu wa chuo kikuu. Wanafunzi waandike majina ya samaki kama anavyoyataja yeye, kwa Kienya, lugha ya Wagenia, kwa Kiswahili na kwa Kilingala, kisha ndipo yafuate ya Kilatini.

Nalijua neno lililo moyoni mwa kila mzazi anayesoma haya, nalo ni hatari. Mto huu huua. Twasikia kila mwaka habari za mashua za mbao zilizojazwa watu na magunia kupita kiasi, zikasafiri usiku bila taa, zikapinduka. Mwezi wa Aprili 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya namna hiyo iliwaka moto na kupinduka, wakapotea watu zaidi ya 100, wanawake na watoto miongoni mwao. Sitaki kuipunguza hatari hii kwa maneno matamu. Nataka masharti yake yawe magumu na yaandikwe: kila aliyemo, nahodha na mvuvi pia, avae jaketi la kuelea lililofungwa, wala si lililotandikwa kukaliwa, idadi ya watu isizidi nusu ya wale ambao chombo kinaweza kuwachukua, safari iwe ya asubuhi, na wingu la mvua likionekana chombo kirudi ukingoni hata kama kazi haijakwisha, mtumbwi wa pili ufuate nyuma, mzazi atoe idhini kwa maandishi, na kabla ya safari ya kwanza kila mwanafunzi afundishwe, katika maji machache na mahali palipothibitishwa na waganga, namna ya kulala juu ya maji na kungoja msaada bila kupapatika.

Zaidi ya hayo, wazazi wakumbuke kwamba kuwazuia watoto wasiende mtoni na walimu wao hakuwazuii wasiende mtoni. Kisangani haina daraja juu ya mto mkubwa, na mtoto wa Lubunga mwenye shughuli ng'ambo huvuka kwa mtumbwi, aghalabu bila jaketi lolote, pamoja na baiskeli, mikungu ya ndizi na watu wazima wasemao kwamba Mungu yupo. Kijana aliyezoezwa na shule yake kukataa kupanda chombo kilichojaa, na kudai jaketi kwa nahodha bila ya kuona haya, atakuwa na tabia hiyo akiwa mfanyabiashara, mama wa watoto au afisa wa bandari. Mimi naona kwamba hata kama safari hizi zisingezaa faida nyingine yoyote, hiyo pekee ingetosha kuzihalalisha.

Wapo waliotutangulia. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, ambako tumbawe lake lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, wanafunzi wa shule za Zanzibar huvushwa kwa mashua wakaongozwa na walinzi ambao wa mwanzo wao walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakaonyeshwa viumbe vya pwani maji yanapokupwa, wakavaa miwani ya kuogelea na kuyatazama matumbawe yakiwa hai. Wengi wao, na hasa wasichana, wamekua wakiiona bahari kila siku bila kupata kujua lililo chini yake. Gharama zao huchukuliwa na mapato ya wageni wanaolala kisiwani. Na huko Marekani, mwimbaji Pete Seeger na wenzake, walipouona Mto Hudson umegeuzwa kuwa jaa la viwanda, walijenga jahazi la tanga, wakalishusha majini mwaka 1969 kwa jina la Clearwater, na tangu hapo wanafunzi wamekuwa wakipanda, wakivuta wavu pamoja, wakiwatambua samaki waliomo na kuwarudisha majini, wakiyapima maji kwa mikono yao. Jahazi lile lilianza kazi yake kabla ya sheria kubwa ya maji safi ya nchi ile, iliyopitishwa mwaka 1972, na watu waliopigania usafi wa mto ule walizoea kuwaonyesha wakubwa si hotuba tupu bali maji yenyewe.

Sisi hatuna wageni wa kutulipia kama Chumbe, wala jahazi. Mitumbwi tunayo. Shule 4 zikishirikiana zinaweza kukodi chombo kimoja na kuyatunza majaketi katika stoo moja, na bati, kamba, risasi, chupa na chandarua ni vitu vya soko. Kitakacholemea ni mafuta na vipimajoto, na hapo ndipo wafanyabiashara wa mjini, makanisa, misikiti na serikali ya jimbo waombwe, kwa hesabu iliyo wazi, na wapewe risiti.

Lipo pingamizi la mtihani, kwamba mwalimu hana asubuhi ya kupoteza. Ningependa wakaguzi wa elimu wa jimbo letu la Tshopo walimalize kwa waraka mmoja mfupi: ripoti ya safari ihesabiwe katika alama za mwaka za biolojia, kemia na jiografia, na mwalimu aliyetoka asihesabiwe kuwa hakufundisha. Lipo pia pingamizi lisilosemwa kwa sauti, la wasichana. Wasichana watoke sawa na wavulana, nao washike bildi na usukani, wala wasiachiwe kazi ya kuandika safi yale yaliyopimwa na wengine.

Nimelitaja daftari mara kadhaa, na sasa nieleze kwa nini nalipa uzito kuliko safari yenyewe. Zamani za utawala wa kikoloni vituo vya kupimia kimo na wingi wa maji katika bonde la Kongo vilikuwa zaidi ya 400. Leo vile vinavyofanya kazi sawasawa vyahesabika kwa vidole. Maana yake ni kwamba mojawapo ya mito mikubwa kupita yote ulimwenguni, ambao mamilioni ya watu huunywa, huuvua na kuusafiria, unapita bila ya kuandikwa. Mwanzoni mwa 2024 maji ya Kongo huko Kinshasa yalifika mita 6.20, sentimita 6 tu chini ya kile kimo cha mwaka 1961 kinachokumbukwa na wazee, na hapa Tshopo pia watu wengi walitolewa nyumbani mwao. Tunaweza kuilinganisha miaka hiyo miwili kwa sababu tu kuwa mtu mmoja, mwaka 1961, katika nchi iliyokuwa imejaa misukosuko, aliendelea kwenda bandarini kusoma ubao na kuandika. Satelaiti za leo huupima mto kutoka angani, na wataalamu wake wanataka vipimo vya ardhini ili wavisahihishe vyao. Mtoto wa miaka 16 mwenye mkono mtulivu na tabia ya ukweli anaweza kuvitoa.

Kwa hiyo daftari liwe na sheria zake. Liandikwe kwa wino. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, lisifutwe. Tarehe, saa, mahali, jina la aliyepima na jina la aliyeshuhudia visikosekane. Nakala yake ipelekwe kila muhula kwenye kituo cha chuo kikuu na kwa wasimamizi wa njia za maji wa RVF. Na darasa linapohitimu, wakubwa wawakabidhi wadogo mbele ya mkuu wa shule, kama mali ya shule ikabidhiwavyo. Mwalimu akihamishwa, kazi isihame naye.

Sehemu ya kwanza ya kazi hii haihitaji hata mtumbwi. Ubao wenye vipimo vya sentimita, uliosimikwa imara mahali pa gati panapofikika, na wanafunzi wawili wa zamu wanaousoma kila asubuhi saa moja, kwa ulinzi wa mtu mzima mmoja, unatosha kuanza mwezi wa Septemba shule zikifunguliwa, wakati ambapo mvua za mwisho wa mwaka hazijaupandisha mto wote. Mitumbwi ifuate katika muhula wa pili, baada ya majaketi kupatikana na watoto kufundishwa kuelea. Wakuu wa shule walio tayari wasingojee amri kutoka Kinshasa. Waende kwanza kwa wazee wa Wagenia, kisha kwa wasomi wa chuo kikuu, wakawaulize ubao huo usimikwe wapi.